Mapitio ya huduma: fundi wa difu aliyesoma namba za injini kabla ya kugusa gia

Nimeendesha maili 1,200 kabla ya kuandika mapitio haya, kwa sababu gia mpya za ekseli ya nyuma haziwezi kuhukumiwa siku gari linapotoka karakana. Huduma ninayoieleza ni ya fundi mmoja wa difu (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na injini za zamani aliyeko kusini-mashariki mwa Michigan, anayefanya kazi peke yake katika jengo la milango miwili, na ambaye aliniomba nisiliandike jina lake kwa kuwa foleni aliyonayo inamtosha. Gari lenyewe ni Chevrolet Chevelle ya mwaka 1969, mojawapo ya yale magari ya V8 ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli. Kazi niliyompelekea ilikuwa moja tu, kufunga gia za uwiano wa 4.10, yaani propela huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, ambazo nilikuwa nimekwisha kuzinunua. Alikataa kuzifunga, akaanza kazi nyingine, na ndiyo maana ninaandika.

Muuzaji wa gari alikuwa ameniambia mambo matatu kwa uhakika mkubwa: kwamba injini ni ya inchi za ujazo 350, kwamba hedi zake (vifuniko vya juu ya silinda vyenye valvu) ni zile zenye alama ya nundu mbili zinazotafutwa sana na wapenzi wa Chevrolet, na kwamba ekseli ya nyuma ina difu ya Positraction, inayofanya magurudumu yote mawili yavute pamoja, yenye gia za 3.73. Niliyaamini yote, nikalipa bei inayolingana nayo. Lakini gari lilikuwa zito kuondoka kwenye taa, lilitaka klachi ishikiliwe nusu kwa muda mrefu kuliko inavyopasa, na kwenye barabara kuu injini ilitulia mno kwa gari linalodaiwa kuwa na 3.73. Badala ya kujiuliza kama niliyoambiwa ni kweli, niliamua kwamba 3.73 hazitoshi, nikaagiza seti ya 4.10 kutoka kwa muuzaji wa vipuri kwa njia ya posta. Nilimwambia kwamba ekseli yangu ni ya boliti 12, zile zinazofunga kifuniko chake, naye hakuniuliza swali hata moja zaidi ya anwani ya kutumia mzigo.

Fundi alianza na swali ambalo muuzaji huyo angepaswa kuuliza: kasha la difu ni la mfululizo gani? Ekseli ya General Motors ya boliti 12, iliyofungwa katika magari ya abiria yenye nguvu hadi mwaka 1972, ina krauni (gia kubwa ya mviringo) yenye kipenyo cha inchi 8.875 na shafti ya pinioni (gia ndogo inayoiendesha) yenye unene wa inchi 1.625. Vipimo hivyo ni vilevile katika ekseli zote za magari ya abiria za aina hiyo, na ndiyo sababu watu hudhani kwamba gia yoyote ya boliti 12 itaingia popote. Lakini kadiri uwiano unavyopanda, ndivyo kichwa cha pinioni kinavyokuwa chembamba, na krauni hulazimika kusogezwa karibu zaidi ili meno yakutane. Kiwanda kilitatua jambo hilo kwa kutengeneza makasha ya mifululizo mitatu, ambayo yanatofautiana mahali pa bapa linalofungiwa krauni: mfululizo wa pili kwa gia za 2.73 na zilizo chini yake, mfululizo wa tatu kwa gia kuanzia 3.08 hadi 3.73, na mfululizo wa nne kwa gia za 4.10 na kwenda juu. Alifungua kifuniko, akamwaga oili, akapima, akaniambia kwamba kasha langu ni la mfululizo wa tatu na kwamba krauni niliyoinunua ni ile nyembamba iliyotengenezwa kwa mfululizo wa nne. Ikifungwa humo haitaifikia pinioni. Zipo krauni nene za 4.10 zinazotengenezwa mahususi kwa kasha la mfululizo wa tatu, na vipo vipande vya kujazia pengo ambavyo baadhi ya maduka huviuza, ingawa yeye hakubali kuvifunga katika ekseli ya mteja yeyote. Nilipompigia simu muuzaji wa vipuri, muda wa kurudisha bidhaa ulikuwa umekwisha, na dola 310 zangu zilipotea.

Kuna tahadhari nyingine aliyonipa hapo hapo ambayo inafaa kila mtu anayenunua ekseli kutoka kwenye magari yaliyovunjwa. Malori mepesi ya General Motors nayo yana ekseli ya boliti 12 yenye krauni ya inchi 8.875, lakini shafti yake ya pinioni ina unene wa inchi 1.438 tu, na gia za moja haziingii katika nyingine. Kuhesabu boliti za kifuniko hakutoshi.

Kabla ya kufungua kifuniko alikuwa amekwisha kujua uwiano halisi, na namna alivyoujua inafaa kuigwa na yeyote mwenye jeki na vipande viwili vya chaki. Aliinua magurudumu yote mawili ya nyuma, akaweka giaboksi huru, akachora mstari mmoja kwenye tairi na mwingine kwenye shafti ya propela. Alipozungusha gurudumu moja, la pili liligeuka kuelekea upande uleule, dalili kwamba muuzaji alisema kweli kuhusu Positraction, kwani difu ya kawaida ingeligeuza kinyume. Kisha akaniambia nizungushe gurudumu mara kumi kamili, yeye akahesabu mizunguko ya propela. Mzunguko mmoja hautoshi kutofautisha 3.08 na 3.31 kwa jicho, lakini kumi zinatosha, kwa kuwa ya kwanza hutoa karibu mizunguko 31 na ya pili 33. Kama gari lingekuwa na 3.73, propela ingezidi mizunguko 37. Yangu iliishia kidogo kabla ya 31. Kifuniko kilipotoka, ukingo wa krauni ulionyesha namba 40 na 13 zilizogongwa kwenye chuma, meno arobaini kwa kumi na matatu, yaani 3.08. Uzito wote wa kuondoka ulikuwa umepata maelezo yake.

Hapo mimi ningeagiza gia nyingine papo hapo. Yeye aliweka taa chini ya boneti na kusema kwamba hachagui gia ya injini asiyoijua. Anatoza dola 60 kwa kutambua injini, na hazikatwi hata ukimpa kazi nyingine. Mwanzoni niliona ni nyingi kwa mtu kusoma namba, lakini sasa naziona kuwa fedha zilizonifaa kuliko zote nilizotumia kwenye gari hili.

Bloku (chuma kikuu chenye silinda) za V8 ndogo ya Chevrolet zina namba za aina mbili, na tofauti yake ni muhimu. Zipo namba zilizosubiwa pamoja na chuma chenyewe, zikiwa zimeinuka juu ya uso wa bloku, na zipo namba zilizogongwa baadaye kiwandani injini ilipokuwa ikiunganishwa. Namba kuu ya kusubia iko nyuma ya bloku upande wa dereva, juu ya ukingo ambapo giaboksi hufungwa, mahali penye giza ambapo mafuta na rangi za miaka hamsini hujikusanya. Alisugua kwa brashi ya waya, akapuliza kisafishio, akapitisha chaki ili namba zilizoinuka zishike weupe. Nilipochungulia kwa kioo kidogo nilisoma 3970010, nikafurahi, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba hiyo ndiyo namba ya bloku nyingi za 350. Akaniomba nisugue tena mwenyewe. Tarakimu ya kabla ya mwisho, niliyoiona kuwa 1, ilikuwa 2 iliyojaa rangi ya chungwa kwenye mkunjo wake. Ilikuwa 3970020, na hiyo ni bloku ya inchi za ujazo 307.

Tofauti ya tarakimu moja hiyo ni kubwa. Silinda za 350 zina kipenyo cha inchi 4.00 na mwendo wa pistoni wa inchi 3.48, za 307 zina kipenyo cha 3.875 na mwendo wa 3.25. Hakuna njia ya busara ya kuikereza bloku ya 307 hadi ifikie inchi 4.00, kwa sababu ukuta wa silinda hauwezi kupoteza unene mwingi kiasi hicho. Ningependa wasomaji wazingatie pia kwamba hata 3970010 isingetosha kuthibitisha chochote peke yake, kwa kuwa bloku ya namba hiyo ilitumika kwa injini za 302, 327 na 350. Namba ya kusubia humwambia mtu bloku inaweza kuwa nini. Ni namba zilizogongwa zinazoeleza ilikuwa nini ilipotoka kiwandani.

Hizo zilizogongwa ziko mbele upande wa abiria, kwenye bapa dogo lililo mbele ya hedi. Alilisafisha kwa kitambaa tu, bila brashi ya waya, kwa kuwa chuma kilichokwaruzwa hupoteza ushahidi. Hapo tulikuta V0402 ikifuatwa na herufi tatu. V ni kiwanda cha injini cha Flint, hapo hapo Michigan, kama vile T ilivyokuwa ya Tonawanda katika jimbo la New York, na tarakimu nne ni mwezi na siku, yaani tarehe 2 Aprili. Mwaka haumo. Kwa ajili ya mwaka alikwenda nyuma ya bloku kutafuta tarehe ya kusubia, akaikuta C 18 1, ambapo herufi ni mwezi kwa mpangilio wa A kwa Januari, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Tarehe 18 Machi, na kwa kuwa 307 ilikoma kutengenezwa mwaka 1973, moja hiyo haiwezi kuwa ya mwaka mwingine isipokuwa 1971. Wiki mbili baadaye bloku ile ikawa injini. Karibu na hapo ilikuwepo pia sehemu ya namba ya utambulisho ya gari, ikianza na 11: moja ya kwanza kwa Chevrolet, ya pili kwa mwaka wa modeli 1971. Injini iliyozaliwa na gari langu ingeanza na 19. Kwa hiyo katika dakika arobaini nilijifunza kwamba injini si 350, si ya gari hili, na ilitoka katika Chevrolet ya miaka miwili baadaye.

Alinionyesha pia jambo ambalo sikulifikiria, nalo ni namna ya kupima ukweli wa bapa lenyewe. Bapa ambalo halijaguswa hubaki na michirizi myembamba ya mashine ya kiwandani inayokwenda mbele na nyuma, sambamba na krankshafti. Uso wa bloku ukichongwa upya wakati wa ukarabati, michirizi hiyo na namba hufutika, na wapo watu wanaogonga namba mpya ili injini ya kawaida ionekane kuwa ya gari adimu. Namba kama DZ, ambayo ni ya 302 iliyofungwa katika Camaro Z/28 ya mwaka 1969, au CRV ya 454 yenye nguvu farasi 450 katika Chevelle ya 1970 yenye giaboksi ya mkono, hupandisha bei ya gari kwa kiasi kinachowatia watu tamaa hiyo. Ya kwangu ilikuwa na michirizi yote, maana hakuna anayejisumbua kughushi 307.

Kuhusu hedi hatukuhitaji kufungua kitu. Alama ya nundu mbili husubiwa kwenye ncha ya hedi na huonekana gari likiwa limefungwa kila kifaa, na kwenye zangu haikuwepo. Alifungua kifuniko kimoja cha valvu ili asome namba ya ndani, akathibitisha kwamba ni hedi za 307 zenye valvu za kuingizia za inchi 1.72 na za kutolea za 1.50, ndogo kwa makusudi. Hapa nataka kuitetea injini hii kidogo, kwa sababu watu huitamka 307 kana kwamba ni tusi. Chevrolet iliiorodhesha kwa nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 4,600 kwa dakika, na msokoto wa futi-ratili 300 kwenye mizunguko 2,400. Ni injini inayovuta kutoka chini na kuishiwa pumzi mapema, na mtu anayejua hivyo anaweza kuipa gia inayoifaa.

Uchaguzi wenyewe wa gia ulifanyika mezani, kwa kalamu, na ndiyo sehemu ya huduma hii iliyonifundisha zaidi. Alitaka vitu vitatu: kipimo halisi cha tairi, uwiano wa gia ya kwanza ya giaboksi, na maelezo ya kweli kuhusu ninakoendesha. Tairi hakuisoma ubavuni. Alichora alama ya chaki chini yake, tukasukuma gari hadi alama ilipogusa sakafu tena, akapima umbali wa inchi 81 na nusu, na alipougawanya kwa 3.1416 akapata kipenyo cha karibu inchi 26. Giaboksi ni Muncie, na kwa kuwa pete za kwenye shafti ya kuingilia zinazoitofautisha aina ya M20 na ya M21 hazionekani bila kuishusha, aliweka gia ya kwanza, akatoa plagi, akazungusha krankshafti kwa mkono huku mimi nikitazama propela. Mizunguko miwili na nusu ya injini kwa mmoja wa propela, yaani M20 yenye 2.52, M21 ingetoa 2.20.

Kisha akaandika kanuni ambayo watu wengi huitumia bila kujua inatoka wapi. Mizunguko ya injini kwa dakika ni mwendo wa maili kwa saa, mara uwiano wa difu, mara 336, gawanya kwa kipenyo cha tairi kwa inchi. Ile 336 ni inchi 63,360 za maili moja zikigawanywa kwa dakika 60 na kwa 3.1416. Inafaa gia ya juu isiyo na ovadraivu (gia inayoizungusha propela haraka kuliko injini), kama ya nne ya Muncie. Mimi hutumia gari hili mara tatu kwa wiki kwenye barabara kuu ya I-75, kwa mwendo wa maili 70 kwa saa. Kwa 3.08 injini ilikuwa ikizunguka kama mara 2,790. Kwa 4.10 nilizozinunua ingefika 3,710, ikiwa imebakiza chini ya mizunguko 900 kabla ya kilele cha nguvu zake zote, saa nzima, kila safari. Aliniuliza kama ningeweza kuzungumza na abiria katika hali hiyo, na nikakubali kwamba nisingeweza.

Upande wa kuondoka hesabu ni rahisi zaidi, kuzidisha gia ya kwanza kwa uwiano wa difu. Nilikuwa na 7.76, na ndiyo iliyokuwa ikiichosha klachi. Gia za 3.73 zingenipa 9.40 na mizunguko 3,370 kwa maili 70. Gia za 3.55 zingenipa 8.95 na mizunguko 3,210. Zote mbili huingia katika kasha la mfululizo wa tatu nililonalo bila kununua kasha jipya. Angekuwa anauza tu, angeniachia nichague kubwa zaidi, kwa sababu ndivyo kila mteja anavyotaka. Aliuliza kama nina mpango wa kufunga giaboksi yenye ovadraivu, kwa kuwa gia ya juu ya 0.70 huifanya hata 4.10 iwe kama 2.87 barabarani, na hapo ushauri wake ungebadilika. Nilipomwambia kwamba Muncie inabaki, alipendekeza 3.55. Nimeendesha nazo sasa na ninaona alikuwa sahihi: gari linaondoka bila kusumbua klachi, mlima ambao zamani ulinilazimu kurudi gia ya tatu napanda kwa ya nne, na kwenye barabara kuu kelele imeongezeka kwa kiasi ninachokizoea ndani ya maili tano.

Ufungaji ulichukua siku mbili, na aliniruhusu kukaa siku ya pili. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani na kupewa namba moja ya kuzioanisha, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulinganisha namba hizo, kwa kuwa alishawahi kupokea boksi lenye nusu mbili za seti tofauti. Akabadilisha beringi zote na sili, akapima kina cha pinioni, akakaza nati ya pinioni kwa spana yenye mpini mrefu kuliko mkono wake huku akisimama kila robo ya mzunguko kupima mkazo wa beringi, kwa sababu bushi laini iliyo kati ya beringi hizo ikishaminywa kupita kiasi haiwezi kurudishwa, hutupwa na kazi huanza upya. Plei, yaani nafasi ndogo ya kuchezea kati ya meno, aliiweka kwenye inchi 0.008, katikati ya mipaka ya 0.006 na 0.010 anayoifuata.

Kilichonivutia kukitazama kwa karibu ni rangi ya njano. Alipaka meno matatu ya krauni kwa rangi nzito kama siagi, akazungusha mbele na nyuma huku akishikilia krauni kwa kitambaa ili meno yagusane kwa uzito, kisha akanielekeza taa. Mahali pinioni ilipogusa rangi ilikuwa imesukumwa pembeni ikiacha umbo la yai jembamba. Mara ya kwanza yai hilo lilikuwa limeshuka kuelekea shina la jino. Alitoa pinioni, akapunguza shimu (kipande chembamba cha kurekebisha kina) kwa sehemu tatu za elfu za inchi, akarudisha kila kitu, akapaka tena. Lilipanda, lakini halikuwa katikati. Aliitoa mara ya tatu. Mtu anayelipwa kwa kazi na si kwa saa angeweza kukubali ile ya pili, na mimi nisingejua.

Difu ya Positraction haikuhitaji sahani mpya. Aliijaribu kwa spana ya kupimia msokoto gurudumu moja likiwa juu, akaridhika, akaongeza dawa ya kupunguza msuguano katika oili ya 80W-90. Nilipewa maagizo ya kuzoesha gia: dakika ishirini za mwendo wa upole, kisha gari lilale hadi ekseli ipoe kabisa, kisha tena, bila kuondoka kwa nguvu wala kuvuta mzigo kwa maili 500, halafu oili ibadilishwe. Nilifuata yote. Oili ya kwanza ilitoka na vumbi laini la chuma linalometameta, na ya pili imebaki safi.

Wenye magari ya Ford na Chrysler wanaweza kupata nafuu kwake zaidi kuliko sisi. Ekseli ya Ford ya inchi 9, iliyotengenezwa kuanzia 1957 hadi 1986, ina difu inayochomoka mbele ikiwa nzima, na mteja huweza kuileta peke yake kwenye buti ya gari lingine na kulipa kazi ya mezani tu. Ndivyo ilivyo pia kwa ile ya Chrysler ya inchi 8¾ ya miaka 1957 hadi 1974, ambayo huitambua kwa tarakimu tatu za mwisho za namba ya kusubia: 741 kwa pinioni nyembamba ya inchi 1⅜, 742 kwa ya inchi 1¾, na 489 kwa ya inchi 1⅞. Mezani kwake ilikuwepo ya Ford yenye kibati chake bado, kimeandikwa 3L50, ambapo L katikati humaanisha difu ya kufunga na tarakimu ni 3.50. Hata hivyo alikuwa anahesabu meno.

Nina malalamiko matatu. La kwanza ni spidomita. Kubadilisha difu kutoka 3.08 hadi 3.55 hufanya spidomita ya gari hili isome zaidi kwa asilimia 15, na dawa yake ni gia ndogo ya plastiki iliyo mkiani mwa giaboksi. Hakunitajia. Niligundua mwenyewe nilipokuwa naenda maili 60 halisi huku sindano ikisoma 69, nikaagiza kipuri hicho baadaye kwa gharama ya kusafirisha ambayo isingekuwepo kama kingewekwa katika oda ya kwanza. Fundi makini kiasi hiki hakupaswa kulisahau.

La pili ni taarifa ya utambuzi wa injini, aliyoiandika kwa kalamu ya risasi nyuma ya kipande cha boksi la gia. Namba zote zimo na ni sahihi, lakini mtu akitaka kuuza gari au kubishana na aliyemuuzia anahitaji karatasi yenye tarehe na picha. Picha nilipiga mwenyewe, na nawashauri mfanye hivyo kabla chaki haijafutika.

La tatu ni mlio mwembamba unaosikika kati ya maili 50 na 55 mguu unapotoka kwenye mafuta. Nilirudi kwake baada ya maili 300. Alifungua kifuniko bila malipo, akapaka rangi tena mbele yangu pande zote mbili za meno, na alama ilikuwa pale pale alipoiacha. Upande wa kuvuta hauna sauti yoyote, na plei haijabadilika. Alisema wazi kwamba baadhi ya gia mpya huwa hivyo na kwamba hatoifungua tena kwa ajili ya sauti hiyo. Nimelikubali jibu lake, ingawa mtu mwenye masikio makali kuliko yangu huenda asilikubali.

Gharama ilikuwa dola 289 kwa seti ya 3.55, dola 165 kwa beringi, sili, shimu na vifaa vidogo, dola 575 kwa kazi, dola 48 kwa oili na dawa yake, na zile 60 za kusoma injini, jumla dola 1,137. Nilisubiri wiki saba kupata nafasi. Anayekwenda kwake apime tairi kabla, aoshe nyuma ya bloku, na asinunue gia yoyote mapema. Seti yangu ya 4.10 bado iko rafuni ndani ya boksi lake, na nitaiuza kwa mwenye kasha la mfululizo wa nne baada ya kuliona kasha hilo kwa macho yangu.